Daktari Mtarajali na Simu Yake: Mwongozo wa Kutumia Mitandao Bila Kutoa Siri ya Mgonjwa

Mwongozo huu ni wa daktari mtarajali: aliyemaliza miaka mitano ya chuo, akapangiwa hospitali, na sasa yuko katika miezi 12 ya kuzunguka magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji na uzazi. Nimewaandikia hasa walioko Tanzania. Wanagenzi wa Kenya, yaani watarajali wa huko, nao watakuta mengi yanawahusu, na pale sheria yao inaposema jambo la ziada nimeitaja.

Katika kusimamia watarajali wodini nimejifunza jambo moja: siri za wagonjwa mara nyingi hazitolewi na mtu mwenye nia mbaya. Zinatolewa na daktari aliyechoka baada ya zamu ya usiku, au aliyefurahi kwa kumfanyia mjamzito upasuaji, wa kwanza kwake kama daktari, au aliyetaka kuuliza wenzake swali la maana kabisa. Na hazianzii mbele ya umma. Zinaanzia kwenye grupu la WhatsApp la watu "wetu".

Kwa hiyo kipimo ninachowapa ni hiki, na hatua zote zilizo hapa chini zinatokana nacho. Kabla ya kutuma kitu, usijiulize kama umetaja jina. Jiulize: shangazi wa mgonjwa huyu akikiona, atajua ni nani? Kama atajua, umetoa siri, hata kama hukuandika herufi moja ya jina.

Hatua ya 1: Jitafute kabla wengine hawajakutafuta

Fanya hivi wiki moja kabla ya kuripoti hospitali. Fungua kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yako yoyote, andika majina yako mawili, kisha matatu, kisha jina ulilokuwa ukitumia Facebook ulipokuwa sekondari. Tazama na upande wa picha. Akaunti za zamani usizozitumia zifute. Zile unazobaki nazo, nenda kwenye mipangilio uweke kwamba hakuna anayeweza kukutagi mpaka uidhinishe wewe.

Kama simu yako inachukua laini mbili, tenga laini moja kwa ajili ya kazi. WhatsApp sasa inaruhusu akaunti mbili katika simu moja. Hii peke yake itakuepusha na kosa ambalo nimeliona likiwatokea madaktari wazuri: ujumbe wa wodini kutumwa kwenye grupu la harusi.

Usafi huu usikufanye uanze kuishi kwa hofu. Mwaka 2020 jarida la Marekani liitwalo Journal of Vascular Surgery lilikumbwa na hasira za madaktari wa dunia nzima kwa sababu ya utafiti liliouchapisha. Watafiti walikuwa wamefungua akaunti bandia ili kuchungulia kurasa za madaktari vijana wa upasuaji wa mishipa, kisha wakahesabu kuwa "huenda inakiuka weledi" hata picha ya mtu aliyevaa nguo za kuogelea. Madaktari wanawake walijibu kwa kuweka picha zao za ufukweni chini ya alama ya reli (hashtag) ya MedBikini, na utafiti ukaondolewa. Walikuwa na haki. Kuogelea Coco Beach na ndugu zako siku ya mapumziko hakumdhuru mgonjwa yeyote. Kucheza muziki kwenye harusi ya dada yako hakumdhuru mgonjwa yeyote. Ila picha ya bia mkononi na kitambulisho cha hospitali shingoni, usiku ambao jina lako liko kwenye orodha ya zamu, inamhusu mgonjwa, maana ndiye atakayekungoja.

Hatua ya 2: Jifunze kuona siri iliyofichika ndani ya habari

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Chukua mfano huu, nimeubuni mwenyewe. Daktari mtarajali katika hospitali ya wilaya anaandika kwenye status yake asubuhi: "Jamani nimechoka. Usiku tumempokea mama wa watoto sita, mimba ya nane, kondo la nyuma limeachia mapema. Benki damu hakuna, tumekwenda mpaka kituo cha polisi kuomba askari wachangie. Mama tumempata, mtoto hatukumpata. Mungu amtie nguvu."

Hakuna jina. Hakuna picha. Maneno yote ni ya huruma, na aliyeandika ana moyo wa kazi. Sasa msomee shangazi. Hospitali inajulikana, kwa sababu mji mzima unajua daktari huyu kapangiwa wapi. Usiku unajulikana. Watoto sita wanajulikana. Askari wanane waliokwenda kutoa damu wamerudi majumbani kwao wakasimulia. Ifikapo saa nne asubuhi, soko lote linajua ni mke wa nani. Na huenda yule mama hakuwa amemwambia mama mkwe kwamba hii ni mimba ya nane, kwa kuwa moja iliharibika kabla hajaolewa. Huenda mume yuko safarini na hajapigiwa simu bado. Msiba wa nyumba ile umetangazwa na mtu aliyeaminiwa kuwamo chumbani.

Kinachomtambulisha mgonjwa ni mkusanyiko: mahali, saa, umri, kazi, idadi ya watoto, namna alivyoumia, na jambo lolote lisilo la kawaida. Vitu vitatu vya namna hiyo vikikutana, katika mji mdogo jina halihitajiki tena.

Nini kingeandikwa badala yake? Inategemea daktari alitaka nini. Kama alitaka watu wachangie damu, angeandika kuhusu damu: kwamba mama anayevuja damu wakati wa uzazi anaweza kupotea ndani ya muda mfupi sana, na kwamba chupa inayomwokoa lazima iwe imeshachangiwa kabla hajafika. Ujumbe huo una nguvu na hauna mtu ndani yake. Kama alitaka kutua mzigo wa usiku ule, alihitaji binadamu mmoja wa kuzungumza naye, mtarajali mwenzake au msimamizi wake, uso kwa uso. Naomba hili mlichukue kwa uzito. Kuona mtoto akifa mikononi mwako kunaumiza, na status haiponyi. Tafuta mtu.

Kama alitaka kufundisha, angesubiri miezi, abadilishe umri na idadi ya watoto, aondoe mahali, aseme wazi kwamba amebadilisha. Na kuna visa ambavyo havifichiki hata ukivibadilisha namna gani: mapacha walioungana, ugonjwa ambao mkoa mzima una mgonjwa mmoja, ajali iliyotangazwa redioni. Hivyo usivigusie bila ridhaa ya maandishi.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na imeshauma: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Kama picha ya mtu aliyekwenda kustarehe inagharimu hivyo, fikiria ya mtu aliyelazwa.

Juu ya sheria kuna kiapo. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1948 na lililoboreshwa mwaka 2017, linamtaka daktari atunze siri alizokabidhiwa hata baada ya mgonjwa kufariki. Kifo hakifuti siri.

Hatua ya 3: Kabla ya kupiga picha, tazama nyuma yake

Picha nyingi zinazotoa siri za watu hazikukusudia kumpiga mgonjwa. Mtarajali amejipiga selfi akiwa na koti jeupe siku yake ya kwanza, amependeza, wazazi wake wamefurahi. Lakini nyuma yake liko benchi la kliniki, watu watano wamekaa wakisubiri, na juu yao kuna kibao cha CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Kwa picha moja ametangaza kwamba watu hao watano wanatumia dawa za kufubaza virusi. Mmoja wao huenda husafiri wilaya mbili ili apate dawa mahali ambapo hajulikani.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, zungusha macho. Daftari la MTUHA, lenye kumbukumbu za wagonjwa, limefunguliwa mezani? Skrini ya kompyuta inaonyesha GoTHOMIS, mfumo wa kumbukumbu za hospitali, na orodha ya majina? Ubao wa wodi una majina na vitanda? Kuna patografu (chati ya maendeleo ya uchungu wa uzazi) ukutani, fomu ya PF3 (ya polisi kwa majeruhi) juu ya faili, kadi ya kliniki mkononi mwa mtu? Filamu ya X-ray ina jina pembeni, na picha ya CT-scan iliyopigwa kutoka kwenye skrini huwa na jina, umri na namba ya mgonjwa kwenye kona. Kukata kona si kazi ngumu, lakini ikate kabla ya kutuma. Ukishatuma umechelewa.

Picha yenyewe pia inabeba mambo usiyoyaona: saa, tarehe, na kama umewasha huduma ya mahali, hata pale ulipokuwa umesimama. Zima ruhusa ya mahali kwenye kamera yako leo.

Chumba cha upasuaji na chumba cha kujifungulia viwe maeneo yasiyopigwa picha za kuweka mtandaoni, mwisho. Mgonjwa aliye chini ya usingizi hawezi kukukatalia. Mama aliye kwenye uchungu hawezi kukukatalia kwa maana ya kweli. Na mtoto mchanga ni wa wazazi wake, nao ndio wenye haki ya kuutangaza ujio wake.

Kuna picha za kimatibabu ambazo ni lazima, kama ya kidonda unachotaka daktari bingwa akione. Omba ruhusa kwa Kiswahili cha kawaida, ukiwa umekaa na si umemsimamia kichwani: "Mama, naomba nipige picha ya kidonda hiki niitume kwa daktari bingwa wa ngozi ili anishauri dawa. Uso wako hautaonekana. Nikishapata jibu nitaifuta. Ukikataa, matibabu yako yataendelea vilevile." Kisha andika kwenye faili kwamba ameridhia na kwamba ridhaa ni kwa ajili ya ushauri tu. Ruhusa ya kumtumia bingwa haikupi ruhusa ya kuionyesha kwenye wasilisho la asubuhi, na ya wasilisho haikupi ruhusa ya Instagram. Kila matumizi yana ombi lake. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, na mtoto mwenye akili ya kuelewa aulizwe pia.

Msimamo wangu, ambao wapo wenzangu wanaouona mkali, ni kwamba usimwombe mgonjwa aliyelazwa ruhusa ya kumweka mtandaoni. Yuko kitandani, anakutegemea kwa dawa na kwa maji, hajui atakapokukatalia utamfanyia nini. Atasema ndiyo. Ndiyo hiyo haina uhuru ndani yake. Msubiri apone, arudi kliniki akiwa amevaa nguo zake mwenyewe, ndipo umuulize. Na akibadili mawazo mwaka ujao, ifute siku hiyohiyo.

Kuhusu picha za majeruhi na maiti sitasema mengi. Agosti 10, 2019 lori la mafuta lililipuka Msamvu, Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Picha za waliochomwa zilizunguka kwenye simu nchi nzima wakati familia bado zinatafuta ndugu zao. Ikitokea ajali katika zamu yako, usipige, usipokee, usisambaze, na ukiletewa na mtu mwambie aifute.

Hatua ya 4: Panga WhatsApp yako kama sehemu ya kazi

Kuwaambia watarajali wasitumie WhatsApp kabisa ni kuwadanganya. Uko hospitali ya wilaya saa nane usiku, bingwa wa karibu yuko hospitali ya rufaa kilomita 200, na simu ndiyo inayokuunganisha naye. Mgonjwa anaweza kuokolewa na ujumbe mmoja. Basi tujifunze kuuandika vizuri.

Kwanza mipangilio. Zima uhifadhi wa picha kwenye matunzio ya simu, kwa sababu bila hivyo kila picha ya kidonda inayotumwa kwenye grupu inaingia pamoja na picha za mwanao, na siku mdogo wako akiomba simu aangalie picha za Krismasi atakutana nayo. Angalia nakala rudufu: mazungumzo yako huenda yanapakiwa kila usiku kwenye Google Drive au iCloud. Nakala hiyo haifungwi kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ule unaomzuia asiyehusika kuisoma, mpaka uwashe mwenyewe. Iwashe. Weka namba ya siri au alama ya kidole kwenye simu na kwenye WhatsApp yenyewe. Zima onyesho la ujumbe kwenye skrini iliyofungwa, maana simu yako hulala juu ya meza ya wauguzi. Kwa mazungumzo ya wagonjwa washa ujumbe unaojifuta, wa saa 24 au siku 7.

Pili, ujumbe. Huu hapa mfano:

"Shikamoo dokta. Me, miaka 40 na kitu, maumivu ya tumbo siku 3, tumbo gumu, presha 90/60, mapigo 124. X-ray ya kifua akiwa amesimama inaonyesha hewa chini ya kiwambo. Nimeanza maji, dawa za mshipa, na mpira wa puani. Naomba nikupigie sasa."

Bingwa amepata kila anachohitaji ili aamke kitandani. Hakuna jina, hakuna kijiji, hakuna kazi ya mgonjwa. Jina na namba ya faili vitatajwa kwa sauti kwenye simu, kwa sababu hapo ni lazima nyote wawili muwe na uhakika mnamzungumzia mtu yuleyule. Siri haipaswi kamwe kuwa sababu ya dawa kwenda kwa mgonjwa asiye wake. Na baada ya kupokea ushauri, uandike kwenye faili: nani kashauri, saa ngapi, nini. Ujumbe utajifuta, faili litabaki.

Tatu, grupu. Jua nani yumo. Grupu la WhatsApp linaweza kubeba watu hadi 1,024, na grupu la watarajali wa mwaka fulani mara nyingi lina waliokwishaacha kazi, wauza dawa wa makampuni, na namba ambazo hakuna anayezijua. Swali la mgonjwa lipeleke kwa mtu mmoja anayeweza kulijibu. Grupu liachie ratiba za zamu na matangazo.

Anayedhani grupu la marafiki ni mahali pa siri akumbuke Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan, China. Desemba 30, 2019 aliwaandikia wenzake aliosoma nao kwenye grupu la WeChat kwamba kuna wagonjwa wenye dalili zinazofanana na SARS, ugonjwa hatari wa mapafu, akawaomba wasisambaze. Ndani ya saa chache skrinshoti zilikuwa zimeenea, jina lake likiwamo. Januari 3 polisi walimwita na kumtaka asaini karatasi ya onyo. Alifariki Februari 7, 2020 kwa ugonjwa huo aliouonya, uliokuja kuitwa UVIKO-19. Alichokionya kilikuwa kweli, na dunia inamkumbuka kwa heshima. Lakini tazama jinsi maneno yalivyotoka: watu aliowaamini, grupu lililofungwa, ombi la wazi la kutosambaza, na hayo yote hayakuzuia.

Hatua ya 5: Weka jibu tayari kwa wanaokufuata inboksi

Watakufuata. Jirani atatuma picha ya upele, mwanafunzi mliyesoma naye atauliza kuhusu mimba, mtu usiyemjua atakuomba dozi. Usiwadharau, wengi hawana nauli ya kufika hospitali. Lakini hukuwapima, huna historia yao, na kwa usajili wako wa utarajali unafanya kazi chini ya usimamizi, mahali ulipopangiwa. Andika jibu moja ulihifadhi: "Asante kwa kuniamini. Kupitia ujumbe siwezi kukupima, na naweza kukosea. Naomba ufike kituo cha afya kilicho karibu. Ukiona homa kali, damu nyingi, kushindwa kupumua au degedege, usisubiri, nenda sasa hivi." Mwambie dalili za hatari, mwelekeze, basi.

Kuna ombi jingine gumu zaidi. Mtoto wa mgonjwa yuko Muscat, hawezi kurudi, anakutumia ujumbe usiku: dokta, mama anaendeleaje, naomba unitumie video nimwone. Moyo unakataa kumnyima. Lakini hujui kama mama anataka mwanawe huyo ajue, na hujui kama anayeandika ni mwanawe. Asubuhi nenda kwa mama, muulize. Akikubali, ampigie mwanawe kwa simu ya ndugu aliye naye hapo wodini, wewe ukisimama pembeni kujibu maswali ambayo mama ameruhusu. Hapo umewasaidia wote wawili na simu yako haijabeba kitu.

Maombi ya urafiki kutoka kwa wagonjwa yaache bila kuyakubali, na akikuuliza mwambie kwa upole kwamba huo ndio utaratibu wako kwa wagonjwa wote. Nawe usipekue kurasa za wagonjwa kwa udadisi.

Hatua ya 6: Ukitaka kuelimisha umma

Fanya, tunawahitaji. Watu wanasikia mambo ya hatari kila siku, kwamba dawa za presha huachwa ukishapata nafuu, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Daktari kijana anayezungumza Kiswahili kizuri mbele ya kamera anaweza kumfikia mtu ambaye bango la zahanati halimfikii.

Masharti ni machache. Jitambulishe kwa cheo chako halisi: ukijiita bingwa wakati uko mwezi wa nne wa utarajali, unawadanganya wanaokuamini. Zungumzia mwongozo wa matibabu wa taifa kabla ya maoni yako. Sema wazi pale ambapo wataalamu hawajakubaliana. Video ikionyesha nembo au jengo la hospitali, pata ruhusa ya uongozi. Na usikubali kulipwa kusifia vidonge vya nguvu za kiume, vya kupunguza tumbo au vya kusafisha kizazi, hata wakikupa mshahara wa miezi mitatu kwa video moja. Matangazo ya dawa yanahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na koti lako jeupe ndilo wanalolinunua pale. Mgonjwa wa figo atakayevinywa kwa sababu alikuona wewe hutamjua kamwe, lakini yupo.

Hatua ya 7: Ukitaka kulalamikia hali ya kazi

Kunyamaza si weledi. Glavu zikiisha, posho ikichelewa, daktari mmoja akibeba wodi mbili, mgonjwa ndiye anayeumia kwanza, na kusema ni sehemu ya kumtetea. Mwaka 2024 madaktari wa Kenya waligoma kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya wanagenzi: mkataba wa mwaka 2017 uliweka takribani shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kulipa 70,000. Wengi walizungumza mtandaoni kwa majina yao, wakiwa na chama chao nyuma yao.

Jifunze kutokana na hilo mambo mawili. Zungumza ukiwa na wenzako na kupitia chama, maana sauti ya mmoja huvunjwa kirahisi. Na zungumzia mfumo: idadi ya vitanda, saa za zamu, dawa zilizokosekana. Picha ya wagonjwa watatu waliolala kitanda kimoja ina nguvu kuliko takwimu yoyote, najua, lakini watatu wale hawakukubali kuwa bango lako. Piga picha ya kabati tupu la dawa. Hata hivyo anza ndani: andika kwa mganga mfawidhi, tunza nakala, kisha panda ngazi. Ukienda hadharani, soma kwanza unachowajibika nacho, ikiwemo kanuni za maadili za Baraza la Madaktari Tanganyika na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo. Andika unachoweza kukithibitisha tu.

Lawama kwa muuguzi au daktari mwenzako isipelekwe mtandaoni hata kama una haki. Na maneno ya uchovu, kama "nimefanya upasuaji huku nasinzia", yatasomwa na mtu anayepelekwa upasuaji kesho.

Hatua ya 8: Ukishakosea

Futa mara moja. WhatsApp inakupa takribani siku mbili za kufuta ujumbe kwa wote, lakini kufuta hakurudishi kilichoonwa, kwa hiyo usiishie hapo. Andika pembeni ulituma nini, saa ngapi, kwa nani, na nani alikuwa ameshaona. Mwambie msimamizi wako saa hiyohiyo, usisubiri asikie kwa mwingine. Hospitali ina wajibu wake kisheria taarifa za mgonjwa zinapovuja, na kwa Kenya sheria inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72. Ukificha siku mbili, umeila nafasi yao ya kurekebisha.

Kisha mgonjwa. Ndiye mwenye siri, na ndiye anayesahaulika wakati wakubwa wanashughulika na barua za kujieleza. Nenda naye mahali pa faragha, pamoja na msimamizi wako, mweleze kilichotokea bila kuzunguka, umwombe radhi, umuulize anataka nini kifanyike. Anaweza kukasirika. Kaa umsikilize mpaka amalize.

Wewe msimamizi unayesoma hapa, usimdhalilishe mtarajali mbele ya raundi kwa kosa aliloliripoti mwenyewe. Wenzake wote wanatazama, na kosa linalofuata litafichwa.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka hospitalini

Miezi 12 ikiisha, kabla ya kuaga, kaa na simu yako saa moja. Toka kwenye magrupu yote ya wodi, na mwombe msimamizi wa kila grupu aondoe na waliokutangulia. Futa picha zote za kimatibabu kwenye matunzio, kwenye sehemu ya vilivyofutwa, kwenye Google Photos, na kwenye kompyuta uliyoandalia mawasilisho. Yale unayohitaji kwa kufundishia yabaki hospitalini, pamoja na karatasi za ridhaa zake.

Na ukiamua kuiuza simu hiyo Kariakoo ununue nyingine, ondoa kwanza akaunti zako, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani wewe mwenyewe, kabla hujamkabidhi fundi.